Hesabu ya Saba katika Nchi ya Unyamavu

Hadithi ni mzigo wa kichwani. Aliyechoka huutua, na wapitao wakamwuliza amebeba nini. Huu unatuliwa hapa.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi Havijawa, mwenye kanga mbili, magoti yaliyokwisha kazi, na mjukuu aitwaye Mize aliyekuwa anakaribia miaka sita. Mama yake Mize aliishi ng'ambo ya nchi ya Unyamavu. Alikwenda huko kutafuta kazi mtoto akiwa na miaka minne, na muda mrefu ukapita ndipo alipoleta neno: mama, nimepata chumba, niletee mwanangu. Njia ya kwenda ng'ambo ilikuwa moja tu, kuipasua Unyamavu katikati, na kuipasua ni siku tatu. Siku tatu si kitu kwa mwenye miguu. Bi Havijawa alikuwa na magoti.

Shida ya Mize ilikuwa kidole gumba. Alikinyonya tangu uchanga kama watoto wengi, akakiacha mwenyewe alipofika miaka mitatu, bila kuambiwa na mtu. Mama yake alipoondoka, kidole kikarudi kinywani, na safari hii kilirudi kama mwenye nyumba. Bi Havijawa hakumpaka pilipili wala hakumchapa mkono. Alifanya kazi ambayo mabibi wanaijua, yaani kungoja. Mchana alimpa cha kushika: mchele wa kuchambua, mbaazi za kumenya, ukili wa kusuka. Akipitiwa na usingizi na kidole kinywani, bibi alikitoa polepole, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtu aliyelala. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Mwisho wa mwaka kidole cha mchana kilikuwa kikavu, kimebaki cha usingizini peke yake, na jino la chini la mbele lilikuwa limeanza kucheza.

"Usilisukumesukume kwa ulimi, mke mwenza," bibi alimwambia. "Litaondoka lenyewe likichoka na sisi."

Basi wakafika Unyamavu.

Mlangoni hawakuulizwa majina wala walikotoka. Waliulizwa vinywa. Aliyewauliza ni mwanamke wa makamo aliyekaa juu ya kigoda, na mapajani mwake mlikuwa na kokoto saba ndani ya kawa, kifuniko cha chakula cha ukili, kilichogeuzwa kama bakuli. Shingoni alivaa uzi, na kwenye uzi ilining'inia chuchu ya mpira, ile ya kuwanyamazishia watoto wachanga. Bi Havijawa akadhani ana mtoto nyumbani. Kisha akatazama wengine. Askari alikuwa nayo. Muuza maji alikuwa nayo, anainyonya huku akipima maji. Mzee mwenye mvi, aliyeegemea ukuta, hakuwa nayo. Yeye alikuwa amejitia kidole gumba kinywani mpaka kwenye kiungo, macho yake yametulia kama ya mbuzi aliyeshiba.

"Shikamoo, bibi," alisema yule mwanamke, akiziba kinywa kwa kiganja. "Naitwa Bi Msim. Mimi ni Mhesabu Vilio. Huyu mtoto hulia?"

"Marahaba, mwanangu. Mtoto gani asiyelia?"

"Hilo swali huku halina ofisi." Akazipanga kokoto zake. "Sheria yetu mama ni moja, nyingine zote ni watoto wake. Mtoto akilia, nahesabu. Kabla ya saba kinywa chake kiwe kimezibwa, kwa chuchu au kwa kidole, hatuchagui. Saba ikifika bado analia, hupelekwa Nyumba ya Utulivu, akae humo mpaka anyamaze."

"Hukaa muda gani?"

"Wengine wameotea ndevu humo."

Bi Havijawa akamvuta mjukuu karibu. Na Mize, ambaye alikuwa amesikia kila neno na kuelewa nusu yake, ile nusu mbaya, alianza kupinda midomo. Bi Msim akainua kokoto ya kwanza.

Hapo bibi alifanya jambo ambalo baadaye alilikumbuka kila alipotaka kulala. Alishika mkono wa mjukuu wake, akaupandisha, akamtia kidole kinywani. Mtoto hakukipeleka. Mkono wa bibi ndio uliokipeleka. Mwaka mzima wa mbaazi na ukili ukaishia hapo, kwa kuchoka na kwa woga, kabla jua halijafika utosini.

Bi Msim akairudisha kokoto ndani ya kawa. Akainuka, akaipachika kawa kwapani na kubeba kigoda chake, maana ilikuwa desturi kila mtoto wa kigeni afuatane na Mhesabu mpaka atoke nchini.

Siku ya kwanza Bi Havijawa aliwatazama watu wa nchi ile na meno yao. Meno ya juu ya mbele yalikuwa yametoka nje kama watu wanaochungulia dirishani. Ya chini yalilala ndani kama waliofukuzwa. Hata walipoumanisha kwa nguvu, mbele palibaki uwazi mviringo, wa kutosha kidole au chuchu, si zaidi. Watu wenyewe hawakuuona kuwa kasoro. Waliuita Mlango. Palikuwa na mabango: MLANGO NI WETU SOTE. Vijana waliokwenda kuposa walisifiwa upana wa Mlango. Na watoto wadogo, ambao chuchu zao zilichovywa kwenye asali ya serikali ili wanyamaze upesi, walicheka kwa vigutu vyeusi vya meno vilivyooza mpaka kwenye ufizi. Nao walikuwa watoto wazuri, wenye macho mazuri.

Chakula kilikuja kimekatwa nyuzi nyuzi. Chapati nyuzi, pera nyuzi, nyama nyuzi. Mtu aliweka uzi pembeni ya kinywa, akatafuna na magego, maana mbele hapakatiki kitu.

"Hindi la kuchoma hamli?" Bi Havijawa aliuliza.

"Tulikuwa na Mmegaji," alisema Bi Msim. "Mgeni, meno yake yalikutana. Kazi yake ilikuwa kuwamegea wakubwa. Alikufa mwaka jana. Tangu hapo hindi tunalitazama tu."

"Kwani fundi wa meno hamna?"

Bi Msim akacheka kidogo nyuma ya kiganja. "Fundi wa meno ni mimi."

Siku ya pili ndipo alipoyaeleza, wamekaa kwenye baraza la shule moja, Mize akinyonya kidole pembeni na kuwatazama watoto wakisoma ubao. Ubao wenyewe ulikuwa mfupi. Herufi ambazo ulimi wa Unyamavu ulikuwa ukizipitisha Mlangoni zikitoka upepo, wakubwa walikwisha kuziondoa kwa kura. Nchi ilikuwa na amani zaidi bila ya hizo, walisema, na madaftari yalikaa muda mrefu.

"Nilikuwa mtabibu wa meno wa nchi nzima," Bi Msim alisema. "Nikapima watoto miaka kumi. Kisha nikaandika ukurasa mmoja, mmoja tu, ili wasichoke. Kwamba mtoto mchanga na anyonye, haidhuru, ndivyo alivyoumbwa. Akifika miaka mitatu, minne, aanze kuachishwa, kwa upole. Maana meno ya utoto yakianguka yanakuja ya ukubwani, na taya la mtoto ni udongo mbichi wa mfinyanzi. Weka kidole humo kila siku, utafinyanga chungu chenye umbo la kidole. Na kwamba chuchu isichovywe asali wala sukari. Basi."

"Wakasemaje?"

"Waliusifu mwandiko."

"Tu?"

"Wakaamua usomwe mwakani. Kila mwaka huwa ni mwakani, bibi yangu. Mimi wakanihamishia mlangoni kuhesabu vilio, kwa kuwa nimezoea kuhesabu meno."

Bi Havijawa alimtazama ile chuchu shingoni. Bi Msim akaishika kwa vidole viwili.

"Ndiyo, na mimi ninayo. Nimelelewa wapi?"

Darasani watoto walikuwa kimya. Mwalimu alikuwa ananyonya. Bi Havijawa akamtupia jicho Mize. Kidole kilikuwa kimelowa, kimeanza kuwa cheupe na kukunjamana, kama zamani. Akajitetea, ingawa hakuna aliyemshitaki.

"Ni siku tatu tu. Tukivuka nitaanza naye upya."

"Kila mwenye Mlango huku alianza kwa siku tatu," alisema Bi Msim, bila ukali, kama mtu anayetaja saa.

Siku ya tatu walifika kwenye Baraza la Vinywa. Mlango wa kutokea nchini ulikuwa umejengwa nyuma ya ukumbi wa Baraza, ili mtu asitoke bila kusikiliza mjadala. Mjadala ulikuwa ni ule ule tangu enzi za babu zao, nao ni huu: kati ya chuchu na kidole, kipi bora. Waliokaa kulia walikuwa wa kidole, waliokaa kushoto wa chuchu. Katikati, juu kidogo, alikaa Mkuu wa Vinywa, Bwana Hamduni, ambaye chuchu yake ilikuwa na pete ya fedha.

Mzee mmoja mnene wa upande wa kidole alitoa kidole chake kinywani, akakifuta kwenye kanzu.

"Kidole hakipotei," alisema. "Hakianguki mchangani. Mtu huzaliwa nacho, akazikwa nacho."

"Ndiyo ubaya wake huo," alijibu mmoja wa kushoto. "Chuchu, siku ukitaka kuacha, unaitupa. Kidole utakitupa wapi?"

"Na nani kati yenu ameitupa?"

Hapo kushoto wote wakanyonya kwa muda, wakifikiri.

Akasimama Bwana Vuai, ambaye hakuwa wa kulia wala wa kushoto. Yeye alikuwa na chama chake peke yake. "Nimesema na nasema tena, mnawadekeza. Pilipili kichaa kwenye kidole. Mikono ifungwe kwa kitambaa. Mtoto achekwe mbele ya wenziwe mpaka aone haya. Nyumbani kwangu hivyo ndivyo tunavyofanya."

Watoto wake watano walikuwa wamepangwa nyuma yake, mikono imefungwa kwa vitambaa. Kila mmoja alikuwa ananyonya ncha ya kitambaa chake.

Bi Havijawa alitafuta mahali pa kukaa, hakuona. Magoti yalikuwa yanampigia kelele. Alitamani wamalize, akaona pia kuwa hawamalizi. Mjadala wenyewe ulikuwa chuchu yao nyingine. Lakini Bwana Hamduni alikuwa amemwona, na zaidi alikuwa amekiona kinywa chake.

"Bibi mgeni," alisema, akiishusha ile pete ya fedha. "Tunaambiwa meno yako yanakutana."

"Ya nyuma yalikwisha kwenda zamani, baba. Haya ya mbele yamechakaa, ila bado yanaamkiana."

"Leteni hindi."

Likaletwa hindi la kuchoma, zima, linatoa moshi, kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Ukumbi mzima ukainamia mbele. Bi Havijawa alikuwa na njaa ya siku tatu za nyuzi nyuzi. Hakungoja kuombwa mara mbili. Alilishika kwa kanga, akauma. Punje zikasikika zikikatika, kisha akalirudisha kwenye sinia. Wakubwa wale walipiga makofi kwa kujipiga mapajani, maana mkono wa pili wa kila mmoja ulikuwa na kazi kinywani.

"Utakaa," alisema Bwana Hamduni. "Utakuwa Mmegaji wa Serikali. Utapewa nyumba, kitanda cha kamba mpya, na mtu wa kukukanda magoti."

Hilo la magoti lilimwingia. Tusidanganyane, lilimwingia. Alikuwa bibi aliyechoka, na hakuna aliyemuuliza habari ya magoti yake tangu alipoondoka kwao.

"Nashukuru, baba," alisema mwishowe. "Nina mtoto wa kufikisha kwa mama yake."

"Mtoto na awe wetu. Hapa halii mtu."

Wakati wakizungumza hayo, hakuna aliyemtazama Mize. Mize alikuwa amemtazama bibi yake akila hindi, na njaa ya mtoto haina adabu. Akatoa kidole kinywani, akalikamata hindi kwenye sinia kwa mikono miwili, akauma kama alivyoona. Kitu kikasema *tik*.

Alipolitoa hindi kinywani, katikati ya punje za manjano palikuwa na punje moja nyeupe, na damu.

Mize akaitazama. Ukumbi ukaitazama. Kisha kikatoka kilio ambacho Unyamavu haikuwahi kukisikia, kilio cha siku tatu kilichokuwa kimezibwa, na nyuma yake kilio cha miaka miwili, vyote vimekuja pamoja.

Bi Msim akasimama na kawa yake. Ilikuwa kazi yake.

"Moja."

Bwana Hamduni alikwisha kuchovya chuchu mpya kwenye mtungi wa asali. "Mpe hii, bibi. Upesi."

"Mbili."

Askari wawili wa Nyumba ya Utulivu wakasogea kutoka ukutani.

"Tatu."

Mkono wa bibi, mkono ule ule, ulikuwa tayari umeshika kiganja cha mtoto unakipandisha. Mize hakukataa. Kidole kilifika mdomoni, na mdomo ulikuwa wazi, na bibi akaona ndani. Pale jino lilipokuwa palikuwa na tundu jekundu, na nyuma ya tundu, imechomoza kidogo tu, ncha ya jino jipya. Nyeupe kama ncha ya punje ya mchele. Lilikuwa halijaamua bado lielekee wapi.

"Nne."

Akauachia mkono.

Akakaa chini, pale pale sakafuni mbele ya Baraza, kwa shida, goti moja kisha la pili. Akampakata mtoto.

"Unalia nini, mama?"

"Tano."

Mize hakuweza kusema. Hewa ilimkatika.

"Bibi, chuchu," alisema Bwana Hamduni. "Unataka achukuliwe?"

"Nimemuuliza mtoto, baba. Bado hajanijibu."

"Sita," alisema Bi Msim, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Unalia nini, mke mwenza? Panauma?"

Mize akatikisa kichwa. Akafunua kiganja, na lile jino lilikuwa humo.

"Mama hatanijua," alisema. "Jino analolijua ni hili."

Bi Msim akashika kokoto ya mwisho. Askari walikuwa wamesimama juu ya bibi na mtoto, wanangoja neno. Akawatazama wale wawili sakafuni, akamtazama Mkuu, kisha akalisema neno, maana lilikuwa lazima lisemwe.

"Saba."

Askari wakainama. Na kabla mikono yao haijafika, Bi Msim aliirudisha kokoto ya kwanza ndani ya kawa na kusema, kwa sauti ile ile ya kazi:

"Nane."

Askari wakasita. Wakamtazama Bwana Hamduni. Bwana Hamduni akamtazama karani wa sheria, na karani akafunua kitabu, akapekua. Sheria ilisema Mhesabu akifika saba na kumaliza kuhesabu, mtoto achukuliwe. Haikusema la kufanya kama Mhesabu amepita saba na hajamaliza. Hakuna aliyewahi kufika nane.

"Tisa," alisema Bi Msim. "Kumi."

Mize alilia. Bi Havijawa hakumwambia nyamaza. Alimfuta damu kwa pindo la kanga na kumyumbisha kidogo, na mara moja moja alisema "naam", kama mtu anayesimuliwa jambo. Thelathini. Hamsini. Wakubwa walikuwa wamekaa kama watu walio juu ya paa la nyumba inayoungua. Wengine walijiziba masikio na hivyo wakalazimika kutoa vidole vinywani. Mia. Bwana Vuai alisema pilipili, hakuna aliyemsikia. Mia na hamsini. Kilio kikawa kinapanda na kushuka. Kikapungua, kikarudi, kikawa cha kwikwi. Mia mbili. Mize alishusha pumzi ndefu, ya kutetemeka, akajifuta pua kwenye bega la bibi yake.

"Mia mbili na kumi na mbili," alisema Bi Msim, akanyamaza, maana hapakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Wakubwa wakanyosha shingo.

"Amenyamaza?" aliuliza Bwana Hamduni.

"Amenyamaza, Mkuu."

"Nani amemnyamazisha?"

"Hakuna."

"Haiwezekani. Mtazameni kinywani."

Askari mmoja alimwomba Mize afungue kinywa, akachungulia kwa makini, kulia na kushoto. "Hamna kitu humu, Mkuu. Ni kinywa tu."

Hapo ikadhihirika kwamba katika nchi ile yote, pamoja na vitabu vyake na mabaraza yake, hakuna aliyekuwa akijua kwamba kilio kina mwisho wake. Walikuwa wakikikata njiani siku zote, wakadhani wasipokikata kitaendelea mpaka milele, kitafurika nyumba. Karani aliuliza kama aandike kwamba kilio huisha. Mmoja akasema kwanza iundwe kamati. Mwingine akasema sheria ibadilishwe, isiwe saba, iwe mia mbili na kumi na mbili. Wakaafikiana kwamba yazungumzwe mwakani.

Lakini yule mzee mnene wa upande wa kidole hakurudisha kidole kinywani. Alikuwa amekishika kwa mkono wa pili, anakitazama, cheupe, kimekunjamana kama kilichokaa majini miaka sabini.

"Mama yangu alikufa nikiwa na miaka saba," alisema, si kwa yeyote. "Sikumaliza."

Midomo yake ikapinda kama ya mtoto. Bwana Hamduni aliinua chuchu ya asali. Bi Msim akauvua uzi shingoni, akaiweka chuchu yake juu ya kigoda, akashika kokoto.

"Moja," alisema.

Mlinzi wa mlango wa kutokea alikuwa ameshangaa, mdomo wazi. Bi Havijawa alimshika mjukuu mkono wakampita. Hakuaga. Alimtazama Bi Msim, na Bi Msim akamtazama, lakini alikuwa kwenye kumi na nne, hakuweza kuacha.

Walipokuwa mbali kidogo njiani bado walisikia: mia tatu na tisa, mia tatu na kumi. Na sasa zilikuwa sauti zaidi ya moja.

"Bibi," alisema Mize. "Nikilala je? Kidole?"

"Ukilala tutaona. Sasa nipe mkono, nina magoti mimi."

Akampa mkono wenye kidole.

Mama yake alikuwa amesimama kwenye kona kabla ya nyumba, tangu asubuhi. Mize alipomwona alifunga midomo kwa nguvu, akasimama. Mama akaja mbio, akachuchumaa mbele yake, akamtazama.

"Mbona hunisemeshi?"

Mize akafunua kiganja kwanza, kisha kinywa.

"Ala," alisema mama yake. Akachungulia. "Na lingine hilo linakuja. Wewe ulidhani nakujua kwa jino? Nimekujua tangu kule kwenye wembamba wa njia, kwa jinsi unavyoburuta kiatu cha kushoto. Viatu vyote nilivyokununulia uliviua hivyo."

Bi Havijawa alitafuta jiwe, akakaa. Mzigo aliutua miguuni. Alikuwa amefika, hakuwa na cha kushika tena, mchele wala mbaazi wala mkono wa mtu. Machozi yakaanza kumtoka, kwanza kidogo, halafu mengi, na mabega yakatikisika.

"Jamani, mama," alisema binti yake, akimwendea kwa haraka. "Nyamaza, mama. Nyamaza, tumefika."

Mize akamvuta mama yake pindo la gauni.

"Mwache," alisema. "Kinaisha chenyewe."

Akakaa chini karibu na magoti ya bibi yake, akaanza kumhesabia. Alikuwa anajua mpaka ishirini tu. Alipofika ishirini, alirudi kwenye moja.